Funga ya Jumatatu

Ngenge, Muleba
Alhamisi, usiku

Mama yangu Bi Mwajuma,

Shikamoo, mama. Natumai barua hii itakukuta magoti yamepunguza kuuma na dawa ya presha unaimeza kila asubuhi, maana nakujua, ukipata nafuu kidogo tu unaitupia juu ya kabati na kuisahau. Nisalimie Nasma na wanawe, na majirani wote wa hapo Kashai. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo imechoka.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Mama, wewe simu unaiweka spika, nyumba nzima inasikiliza mpaka muuza maziwa. Hili nataka ulisome peke yako.

Kwanza tende. Anwari alizifikisha Jumanne na lori lake la ndizi, pamoja na kile kikaratasi chako. Umeandika kwamba Anwari amekusimulia jinsi mwanao anavyofunga Jumatatu na Alhamisi huku ugenini, na kwamba ulipolisikia hilo ulitoa machozi. Ahsante, mama. Sijala hata moja, na ukifika mwisho wa barua utajua sababu.

Umeuliza pia kama ni kweli Ngenge imeingia sumu. Sumu hakuna. Kilichotokea ni kwamba gari la mkandarasi wa barabara lilidondosha mashine ya kupimia kama udongo umeshindiliwa sawasawa, na ndani ya mashine hiyo mna kipande kidogo cha madini yenye mionzi. Mzee Anatory, mkulima wa hapa jirani, aliiokota mtaroni. Aliona chuma kizito kizuri, akakipeleka kibanjani, kwenye migomba yake, kukandamizia majani juu ya shimo la kuivishia ndizi za pombe. Nani angemlaumu? Ndizi zile zilikuwa za lubisi ya posa ya binti yake, Renatha. Mashine ilikaa pale siku kumi na mbili mpaka wataalamu walipokuja na vipimo vyao vinavyolia, wakaichukua na kuzungushia kibanja utepe mwekundu.

Basi mimi, afisa afya wa kata, nikakabidhiwa kipaza sauti na karatasi ya ukurasa mmoja. Nilizunguka vijiji vyote kwa pikipiki nikieleza kwamba kifuniko cha mashine hakikufunguka, kwamba mionzi haikuingia kwenye ndizi, kwamba ugonjwa huu hauambukizi kama mafua. Watu waliniuliza mambo, mama! Mmoja alitaka kujua kama kuku aliyepita chini ya utepe analiwa. Bibi mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama Anatory anang'aa gizani. Nilijibu mpaka sauti ikakauka, na kesho yake nikajibu yale yale. Wakati huo kwa Mzee Anatory hakuna aliyekanyaga hata kutafuna kahawa ya ukaribisho, na wachuuzi waliipita mikungu yake wakiwa wameziba pua, kana kwamba mionzi inanuka.

Posa ilikuwa iwe Jumamosi. Bwana harusi ni Wilbert wa Rubya, na msemaji wao ni baba yake mdogo, Mzee Kagaruki. Unajua Wahaya na posa: lubisi isiponyweka, hakuna kilichozungumzwa. Na lubisi haimfikii mgeni kabla mwenyeji hajaionja. Mzee Kagaruki akatuma neno kwamba kuonja kwa Anatory hakutawatosha safari hii, kwa kuwa mtu aliyekwisha kula sumu hana cha kupoteza. Atakuja kwenye mkutano wangu wa Jumatatu, na akimwona afisa ameonja, mambo yamekwisha.

Mkutano ulijaa. Nilisema yangu yote, na vizuri, wallahi, hata mwenyekiti wa kijiji alipiga makofi. Kisha Mama Renatha, Georgina kwa jina lake, akasogea na vibuyu viwili. Kimoja kilikuwa na lubisi. Cha pili alikijaza maji matamu ya ndizi yasiyochachuka, akaeleza mbele ya watu kwamba anajua mimi ni Mwislamu na hawezi kunikosea. Alipiga goti, mama, mwanamke wa umri wako, akaninyooshea kata ya kunywea.

Nikasema nimefunga.

Mzee Kagaruki alivua kofia akasema dini ni dini, mtu halazimishwi. Lakini na yeye hawezi kuwapelekea ndugu zake kinywaji ambacho afisa hakukionja. Aliaga kwa heshima zote na kupanda pikipiki. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba funga ya afisa ilijua siku ya kuja. Jumamosi wageni hawakutokea. Sasa tunasikia wanataka kupeleka posa kwingine mwisho wa mwezi huu. Renatha yuko kwa shangazi yake Kemondo, anaanika dagaa, na hapokei simu ya mtu.

Anwari alikuwepo pale mkutanoni, ndiyo maana habari ya funga ikakufikia imependeza vile. Mama, sikuwa nimefunga. Asubuhi ile nilikunywa chai na chapati mbili. Na hata ningekuwa nimefunga, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba funga ya sunna mtu anaweza kuifungua kwa heshima ya mwenyeji wake. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale na kata iko mbele yangu.

Niliogopa. Ndiyo hivyo tu. Majibu ya sampuli za ndizi yalikuwa hayajarudi, na mimi nilishatangaza vijiji vyote kwamba yamerudi safi, kwa sababu niliambiwa nitulize watu. Isitoshe, nilimwona mtaalamu mmoja akikataa hata maji ya kunawa kwa Mzee Anatory. Nikajisemea, kama yeye hanawi, mimi ninywe? Nikaikimbilia dini yako, mama, nikajificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya kanga.

Majibu yalikuja Ijumaa ya wiki ile ile. Safi, ndizi na udongo, na damu ya Mzee Anatory na mkewe pia. Niliyabandika ofisini. Nani asome karatasi? Wao walishasoma mkono wangu uliorudi nyuma.

Leo magharibi, adhana ikisikika kwa mbali, Georgina alibisha hodi. Alikuja kwa miguu na lile buyu la maji ya ndizi. Alisema siku ile alinikosea kunijaribu nikiwa kwenye funga, hakulala akilifikiria, na kwa kuwa leo ni Alhamisi ameniletea ya kufuturia. Mama, binti yake amekataliwa kwa ajili yangu, na anayeomba radhi ni yeye! Mchana nilikuwa nimeshiba wali na maharage. Alisema Mungu azipokee funga zangu. Nikaitikia amina.

Alipoondoka nilikunywa kata nzima. Yalikuwa matamu, hayana neno. Nikalia.

Nimemwomba mwenyekiti aitishe mkutano tena Jumatatu. Nitawaambia kwamba sikufunga, na kwamba nilitangaza majibu kabla hayajaja, kisha nitaonja mbele yao na kwenda Rubya kwa Mzee Kagaruki na buyu mkononi. Huenda wakubwa wangu wakaniondoa kazini. Huenda Wilbert asirudi. Lakini wakikataa, wakatae wakiujua ukweli. Nimetaka uusikie kwangu kabla Anwari hajakuletea.

Usiwaambie tena majirani kuhusu zile funga. Tende zako nitazichukua Jumatatu asubuhi, nimpe Georgina mwenyewe, maana kama kuna aliyefunga kijiji hiki tangu siku ile, ni yeye.

Nipe radhi yako, mama, hata kama itachelewa. Wasalimie wote, na dawa uimeze.

Ni mimi mwanao,
Burhani