Mbao Zetu na Mbao Zao

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ugenini. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba ule mgongo umekuachia japo kidogo. Mimi afya ninayo. Cha kulalamikia ni upweke tu, na huo hauna duka la dawa.

Nakaa chumba kimoja, ghorofa ya nne. Nina kiti kimoja, maana sijapata mgeni wa kukalia cha pili. Ofisini tuko wawili. Mwenzangu ni mzee niliyempa jina la Bwana Asubuhi, kwa kuwa akishauliza habari za asubuhi ndiyo basi mpaka kesho. Jumapili nikimshukuru muuza mkate, nashtuka kusikia sauti yangu mwenyewe.

Kazi niliyopewa miezi hii ni kulinganisha biashara ya mbao za viwandani, yaani plaiwudi na zile za unga wa mbao na gundi, kati ya nchi yetu na nchi hii, kwa miaka thelathini. Natazama kila mwaka sisi tumeuza nje kiasi gani, wao kiasi gani, kisha nachora mistari miwili. Kaka, ungeona mstari wetu ulivyoanza! Sisi tulikuwa juu, wao wakinunua kwetu. Halafu wakafunga mashine mpya za mbao za unga, bei ikaanguka. Sisi tulikata miti bila kupanda, magogo yakawa yanatoka mbali zaidi kila mwaka. Mistari ikapishana kama watu waliokosana, na toka hapo wanunuzi ni sisi.

Nilipoangalia mwaka wenyewe wa kupishana, niliuhesabu tena mara mbili. Ni miaka mitatu kabla ya ule mgomo wa kiwandani kwa baba. Kiwanda chetu kilikuwa kimeshakufa, kilichobaki ni kuzikwa. Tajiri mwenye kiwanda aliposema mgomo ndio uliokiua, alikuwa anatafuta wa kumtupia lawama, na baba, aliyesimamia mashine ya kugandisha plaiwudi miaka ishirini, akamwamini.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Siku ile baba aliporudi hana kazi, akauliza nani aliyeandika karatasi ya kuitisha mgomo, mimi ndiye niliyemtajia jina lako. Nawe hukuiandika. Niliiandika mimi, wafanyakazi waliniomba kwa vile nilikuwa nimesoma. Baba alipokwambia usikanyage tena kwake, uliitazama karatasi mkononi mwake, ukanitazama mimi, ukachukua begi. Mwandiko wangu uliujua, maana ni wewe uliyenifundisha kuandika. Miaka kumi na moja umenyamaza, na mimi nimeuacha ukimya wako unifiche.

Juzi nilimpigia baba, nikamweleza yote, ya mistari na ya karatasi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nipe namba ya kaka yako." Akaniomba niirudie mara tatu, polepole, huku akiiandika.

Ikiita namba usiyoijua, nakusihi upokee. Yangu unaweza kuiacha iite, sitakulaumu.

Msalimie sana wifi, na uwapakate watoto kwa niaba ya shangazi yao ambaye hawajamwona.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa,

Kijiti