Mkono Juu ya Mdomo Wangu

Jumanne, 6 Agosti 2024

Ujinga mtupu! Nimefunga kibanda saa tatu asubuhi, nimeacha gauni la bi harusi halijapindwa, nimetembea na jua mpaka ukumbi wa kanisa — kwenda kupewa rangi za maji kama mtoto wa chekechea.

Mimi nilienda hospitali kwa sababu ya taya. Mwaka wa tatu huu halifunguki kuzidi upana wa kidole gumba. Ugali nameza vipande kama vidonge. Daktari wa meno kaangalia: meno mazima. Wakapiga picha: mfupa mzima. Nesi akaniuliza kama kuna jambo lilinipata. Nikasema hakuna. Akaniangalia, akaandika karatasi: nenda kwa mshauri, kila Jumanne.

Mshauri mwenyewe ni Jeniffer, binti wa Mwanza, sidhani kama amefika thelathini. Tuko wanawake saba. Anasema machungu hayakai kichwani tu, yanakaa kwenye misuli, tumboni, mabegani. Eti mwili unakumbuka hata mwenyewe ukikataa. Tukavua viatu. Tukakanyaga sakafu kwa kisigino. Tukapumua tunahesabu. Halafu: chora unachokisikia mwilini, usijali uzuri.

Nikachora futi ya kupimia nguo. Akauliza ina maana gani. Nikamwambia ina maana nina kazi za watu kibandani.

Wote wakacheka. Na yeye akacheka. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Nilitaka akasirike.


Alhamisi, 8 Agosti 2024

Kaka Erasmus kapiga simu toka Majimoto. Baba mdogo Kasimiri ana mtoto wa jicho, madaktari wa macho wanakuja hapa Mpanda, kaandikiwa kupasuliwa. Atafikia kwangu.

Hakuniuliza. Kaniarifu!

Nikasema nina chumba na sebule tu. Atalala sebuleni, anasema. Nikasema sitaki. Nasikia ng'ombe kwa nyuma. Halafu akaanza kwa sauti ile ya kanisani: Romana, yule ni baba yako. Mambo ya mama yalishapita. Si tulisoma misa?

Mambo ya mama. Kama vile mama alipotelewa na kuku!

Nimekata simu. Taya limebana mpaka sikio linavuma.


Jumanne, 13 Agosti 2024

Sijui nianzie wapi. Niandike tu.

Leo Jeniffer katandaza sakafuni karatasi za kaki, zile zile tunazochoria vipande vya nguo sisi mafundi. Unalala chali, mwenzako anapitisha kalamu kukuzunguka mwili mzima. Mimi ndiye ninayepima watu kila siku. Leo nimepimwa mimi. Aliyenichora ni Eufrazia, anauza samaki wa migebuka sokoni, mume wake alimvunja mkono mwaka jana. Anapitisha kalamu kwenye mbavu anasema: dada, kumbe mwembamba hivi? Mavazi yanakuficha.

Kisha kila mtu apake rangi mahali penye kitu. Miguu niliiacha. Tumbo niliacha. Nikaenda usoni, nikapaka taya jekundu. Nikafikiri nimemaliza, nirudi zangu kazini. Lakini mkono ulikuwa bado unataka. Ukachovya nyeusi. Ukachora vidole vinne shavu hili, gumba shavu lile, kiganja juu ya mdomo.

Nikautazama. Si mkono wangu. Mkubwa. Kidole cha shahada hakina kucha — kilipigwa shoka zamani.

Namjua mwenye mkono ule.

Juni 2021, Majimoto. Mchana, tunapura mpunga. Mtoto wa jirani alikuwa amekufa wiki ile, homa na degedege. Wakaja vijana kama ishirini. Eti mama ndiye aliyemla. Eti tazameni macho yake mekundu. Macho mekundu ya moshi wa kuni miaka hamsini! Wakachoma nyumba. Wakamburuta mama mpaka barabarani, kitenge kimemfunguka. Watu wa shamba la pili walikuwa karibu tu, watu wazima, wanamheshimu mama. Nikafungua mdomo nipige yowe.

Baba mdogo Kasimiri akanikamata kwa nyuma. Mdogo wake marehemu baba, tumbo moja. Akaniziba mdomo kwa nguvu, meno yakakata ulimi. Nyamaza, nyamaza, watakuchoma na wewe. Na mama ananitazama. Aliniona nimesimama sipigi yowe.

Walimwacha akiwa hai. Nikamleta Mpanda. Aliishi kwangu miezi saba. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini sikupiga yowe. Na mimi sikumwambia. Nilikuwa nasubiri aulize! Akafa.

Jeniffer alipiga magoti pembeni yangu. Halafu akauliza: mkono huu ukitoka hapo, ungependa uende wapi? Nikamwambia uende jela. Akasema sawa. Sawa tu, bila kuongeza Mungu wala msamaha. Hapo nikamheshimu kidogo.

Kisha akaharibu. Aliomba kuipiga picha karatasi yangu kwa ajili ya ripoti, jina halitawekwa. Nikapandisha hasira. "Mama yangu walishamfanya maonyesho barabarani! Mimi hapana!" Akarudisha simu mfukoni. Akaomba radhi mbele ya wote, macho yamemjaa machozi. Na yajae.


Jumatano, 14 Agosti 2024

Pindo la bi harusi nimelifumua mara mbili. Limeenda upande. Mteja kaja kanikuta nafumua, kauliza kama naumwa. Siumwi. Nina hasira. Ina joto, iko kwenye vidole, nasikia mpaka kwenye pedeli ya cherehani.


Jumamosi, 17 Agosti 2024

Amefika. Nimeenda kumpokea stendi. Jicho la kushoto halioni kabisa, la kulia anaona ukungu. Kwa hiyo lazima ashike mtu. Kaweka mkono begani kwangu. Mkono ule ule! Toka stendi mpaka tulipopata bajaji, na watu wananisifu: hongera dada, kumtunza mzazi ni baraka.

Kaja na mchele. Ananiita mwanangu. Anasema nimekonda. Anasali kabla ya kula, anashukuru kila sahani. Wapangaji wote wameshampenda, shikamoo mzee, shikamoo mzee.

Angekuwa mkali ningepumua. Huu upole wake ndio unaoninyonga.


Jumanne, 20 Agosti 2024

Nilisema siendi. Nikaenda.

Nilimwambia Jeniffer: mwenye mkono yuko sebuleni kwangu, anakunywa chai. Alishtuka. Akauliza kama niko salama, kama kuna mtu mwingine anaweza kumpokea. Nikamwambia yule ni mzee kipofu, wa kuogopwa ni mimi. Hakucheka.

Leo ilikuwa kusukuma. Eufrazia kasimama ameshika godoro mbele yake, mgongo ukutani. Mimi niweke viganja nisukume, nisikilize nyayo, na sauti ikitaka kutoka itoke. Nikasema sina sauti. Jeniffer: basi sukuma tu, hakuna anayekudai sauti.

Nikasukuma. Kwanza kwa aibu. Halafu mabega yakaingia, halafu kiuno. Na ikatoka. Si neno. Sijui niiite nini. Mlinzi wa kanisa alikuja mbio na rungu. Eufrazia na godoro wote chini! Nikafikiri nimemuumiza mkono wake ule uliovunjika. Yuko chini anacheka, ananiambia sukuma tena dada, na mume wangu msukumie humo humo.

Tukalia. Tukanywa chai. Nikauma andazi. Kuuma, si kumega! Vidole viwili viliingia kati ya meno, nimepima.

Kisha tukarudi kwenye karatasi zetu, anayetaka kuongeza aongeze. Mkono mweusi sikuufuta. Nikachora mikono yangu miwili imekamata kifundo chake. Kwa kijani, rangi nyingine zilikuwa zimekwisha.

Jeniffer alisema nichague: iachwe kwenye kabati lenye kufuli au niibebe. Nimeibeba. Nimeibandika ukutani sebuleni, juu ya godoro analolalia baba mdogo. Haoni. Jeniffer angesemaje sijui. Sikumuuliza.


Alhamisi, 22 Agosti 2024

Kapasuliwa jicho la kulia, limefungwa bandeji. Nimekaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa saba. Erasmus kapiga simu: Mungu atakulipa dada. Nikakata.

Taya limefunga tena, kama mwanzo. Hakuna aliyeniahidi kwamba limepona. Lakini nimekasirika kana kwamba niliahidiwa.


Ijumaa, 23 Agosti 2024

Asubuhi, saa nne. Naandika yeye akiwa hapa hapa, hatua mbili.

Nilimpelekea uji. Dirisha liko wazi, upepo unapiga karatasi. Akauliza ni kitu gani kinapiga kelele ukutani, kalenda? Nikasema picha. Ya nani? Yangu. Akatabasamu. "Mwanangu, nani kakuchora? Nielezee basi, mimi sina macho."

Nikamwelezea kama ninavyomwelezea mteja mshono. Hapa mabega. Hapa mikono. Tumbo halina kitu. Taya jekundu.

"Na mdomoni kuna mkono."

"Mkono wa nani?"

"Kidole cha shahada hakina kucha."

Akauingiza mkono chini ya shuka. Haoni kitu, lakini kauficha! Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga. Nikakanyaga sakafu kwa visigino vyote viwili.

Akasema taratibu, kama mtu aliyeandaa maneno miaka mitatu: "Nilikuokoa. Wangekuchoma. Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka thelathini na minane, baba mdogo."

"Hata hivyo."

"Watu wa shamba la pili walikuwa wangapi?"

"Kumi na tano. Labda zaidi."

"Ningepiga yowe, wasingekuja?"

Bandeji imelowa pembeni, sijui ni dawa. "Wangekuja," akasema.

Wangekuja!

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nilisikia hewa imegusa ulimi mpaka nyuma. Nikamuuliza lile ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu, hata Jumanne sikulisema. "Aliyewasha kiberiti ni mwanao Benedikto. Nilimwona. Na wewe ulimwona. Uliniziba mimi nisichomwe, au uliniziba nisiite jina lake?"

Hajajibu mpaka sasa. Uji umepiga utando. Mara mbili kakohoa, mara moja kaomba maji. Sijanyanyuka.

Simu imeita. Erasmus, kila asubuhi anauliza habari za jicho. Baba mdogo anaujua mlio. Kageuza kichwa upande wangu, upande hasa nilipo.

"Mwanangu. Kaka yako usimwambie."

Hivyo tu. Hakusema si kweli.

Imekatika. Sasa inaita tena. Iko mapajani kwangu, inatetemeka kwenye kitenge, na yeye ananyoosha shingo asikilize kama nitapokea