Mche wa Ishirini na Saba

Jumanne, 7 Aprili 1987

Nimekuta maandishi ya penseli ndani ya jalada la daftari kuukuu la Mzee Sang, mkuzaji wa maua wa shamba letu: "Mstari wa nne, hesabu kuanzia kisimani."

Kisimani! Ramani yangu inaanzia barabarani. Niliichora upya mwaka jana, kwa rula na wino, mkurugenzi wa shamba akanisifu mbele ya watu.

Mwezi wa tisa mzee alikuwa hospitalini mjini Jinan, akitibiwa macho. Mama Hou, mkuu wa wachimbaji, akaja mlangoni na jembe begani: karani, upi unabaki? Nikamsomea ramani yangu. Ubaki wa ishirini na saba, aliouchagua mzee, mingine ing'olewe, mizizi ichunwe gome la dawa. Ilikuwa miche arobaini ya maua ya peoni. Ukabaki mmoja.

Sio wenyewe. Ukihesabu toka kisimani, uliobaki ni wa kumi na nne.

Sijala. Wa kweli uling'olewa kwa neno langu.

Alhamisi, 9 Aprili

Mzee anautunza mche uliobaki kama mjukuu. Ameuwekea kivuli cha mkeka wa mabua. Peoni aliyoipanda mbegu mwaka 1975! Ilichanua kwanza mwaka juzi, njano, na mwaka jana njano tena. Njano ya mafuta ya kuku, anasema mwenyewe. Ikirudia mara ya tatu, kamati ya wilaya itaipa jina siku ya Guyu, mvua ya nafaka katika kalenda yetu, tarehe ishirini. Mwezi wa sita anastaafu. Na macho yale hayataungojea mche mwingine.

Ameniita. "Wenqi, mwanangu, wewe una macho. Chini ya jani pana zambarau?"

Nikamwambia ni kijani tu.

Ule wa njano una zambarau kila mwaka, akanieleza. Kisha akasema labda ni baridi ya mwezi wa pili.

Nikaitikia: labda, mzee. Labda!

Jumamosi, 11 Aprili

Mama Hou ananicheka mbele ya wanawake wote. "Tazameni karani alivyokonda! Msichana gani huyo anayekunyima usingizi? Mlete nimpe bakuli la supu ya kondoo, na wewe nikupe mawili!"

Nimemuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, vichwa vya ile miche ya mwaka jana vilikwenda wapi. Kuni?

Amekasirika kweli. "Kuni? Mimi nichome peoni? Mama yangu angefufuka anichape!" Alichagua vitawi vizuri, akaviunga kwenye mizizi ya peoni ya majani, ile isiyo na shina la mti, ili viote upya, akavipanda nyuma ya nyumba yake. Vinane vimeshika.

Basi huenda ule wa njano bado uko hai!

Jumapili, 12 Aprili

Nimekwenda kwake na mikate ya mvuke, nikasingizia salamu. Nyuma ya banda la kuku: vijiti vinane, kila kimoja na majani mawili matatu. Havina vibao. Nilipiga magoti nikageuza majani. Cha tatu kutoka ukutani kina zambarau chini.

Kimoja tu!

Mama Hou anasema wiki ijayo shemeji yake anavichukua vyote, anavipeleka mkoa wa Henan. Nikamwomba aniachie kimoja. "Cha nini, karani? Wewe hata kitunguu kingekufia." Akacheka, akaniuliza mara ya pili, bila kucheka. Nikaondoka.

Nikisema ukweli, kijiti hicho kinaokolewa na mimi nafukuzwa. Baba alivyojinyima ili nisome! Nikinyamaza, kinakwenda Henan.

Alhamisi, 16 Aprili

Tumba limepasuka ncha. Waridi. Rangi ya waridi ya kawaida, kama iliyo kwenye kila ua wa mji huu.

Mzee anadhani ni jua la asubuhi.

Jumamosi, 18 Aprili

Limechanua. Alikaa mbele yake tangu alfajiri mpaka saa tano, kofia mapajani. Hakuna aliyemsogelea, hata Mama Hou.

Sasa amekuja ofisini. Anasema kosa ni lake. Macho yalikwisha kuharibika tangu mwaka juzi, akaona alichotaka kukiona. "Miaka kumi na miwili, Wenqi, nimelea ua la rangi ya waridi nikiliita njano. Wachimbaji wakijua watacheka mpaka mavuno." Anataka nifute kumbukumbu za miaka miwili kwenye rejista, niandike: kosa la mkuzaji. Kisha atapiga muhuri wake.

Nimemwambia akae. Nimeshika kalamu.

Shemeji wa Mama Hou amefika, nasikia trekta lake uani. Wanapakia.

Mzee ametoa muhuri mfukoni, anaupulizia pumzi ili wino ulainike. Ananiuliza mbona maneno mengi hivyo kwa kosa moja dogo. Haoni kwamba rejista bado imefungwa, iko chini ya kiwiko changu. Anadhani ndiyo ninayoandika, kumbe ni daftari hili langu, na ukweli wote umo humu.

"Soma," anasema. "Nisomee ulichoandika, mwanangu, kisha nipige muhuri."