Magogo ya Zambia, Mbao Zetu

Jumatatu, tarehe 4

Chai na chapati Mtaa wa Msimbazi, halafu jedwali. Bado nalinganisha magogo ya misonobari yanayouzwa nje, sisi Tanzania na Zambia. Safu ya Zambia imejaa. Yetu karibu tupu. Siamini. Nilikuwa Mafinga juzijuzi. Malori ya misonobari yanapishana mchana kutwa. Yote hayo yanaishia wapi?

Mhariri ameshapata kichwa cha habari: Zambia Yatuacha Mbali. Kijana, ana haraka. Anataka habari Ijumaa.

Jumanne, tarehe 5

Nimepita dukani kwa Mama Temba, Kariakoo, kununua kitasa. Anauza misumari na mabati, lakini akiba yake yote iko Mafinga: shamba la misonobari, miti bado michanga. Nikamtajia jedwali. Akaacha kupima misumari. Kuna dalali anamsumbua auze miti yote sasa, eti Wazambia wanachukua soko, akichelewa atabaki na kuni.

"Sasa we mwandishi, nikate nisikate?"

Nikamwambia asome gazeti la Ijumaa.

"Dalali anakuja Jumamosi. Ukinipoteza, hicho kitasa nakifuata mlangoni kwako."

Alikuwa anatania. Si sana.

Jumatano, tarehe 6

Mvua. Jangwani hakupitiki, nimezungukia Upanga. Simu nyingi, majibu machache. Nimejua kitu kimoja: namba za jedwali zinatoka kwenye hati za mizigo. Sawa. Aliyejaza hati aliona nini mbele yake? Swali hilo tu, siku nzima.

Alhamisi, tarehe 7

Yadi ya kupakia makontena, karibu na bandari. Msonobari unafika gogo zima. Kabla ya kupakiwa unapitishwa kwenye msumeno, unatolewa mabanzi, vipande vya nje vyenye magome, pande zote nne. Nikamuuliza msimamizi kwa nini.

"Duara linakula nafasi, kaka. Ukilinyoosha pande nne linapangika kama biskuti."

Na kwenye hati?

"Mbao. Kwani wewe unaona gogo hapo?"

Gogo letu linaingia yadi likiwa gogo, linatoka likiwa mbao. Nimempigia mwandishi mwenzangu aliyeko Ndola, Zambia. Lori alilowahi kulifuatilia yeye lilivuka mpaka na magogo mazima, na hati ikaandikwa magogo. Mti uleule, safu mbili tofauti. Nimefurahi kama mtoto.

Halafu furaha ikapungua. Yadi moja, lori moja. Kiasi gani kinapita hivi? Sijui.

Ijumaa, tarehe 8

Nimegombana na mhariri. Nimemwambia namba hizi hazilinganishiki, na nimeandika hivyo.

"Mzee, msomaji anataka mshindi."

Mshindi sina. Kichwa chake cha habari kimeondolewa. Habari imepelekwa ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Nimekasirika. Lakini imetoka sahihi.

Jumamosi, tarehe 9

Jua. Nimekwenda Kariakoo asubuhi. Mama Temba alikuwa na gazeti juu ya kaunta. Dalali alikaa kwenye kiti cha wateja, na soda, akisubiri jibu.

"Kwa hiyo hujui nani anauza zaidi," Mama Temba aliniambia.

"Sijui."

"Huyu anajua mpaka bei ya mwakani." Alimwonyesha dalali kwa kidevu. "Maliza soda yako, baba. Miti yangu bado inakua."

Dalali alikunywa taratibu mpaka mwisho. Akarudisha chupa, akaaga kwa adabu, akaingia duka la pili.