Karatasi ya Pili

Alhamisi, Eldoret

Kesho mwenyekiti wa chama tawala anakuja ghalani kuona kompyuta ikichapa majina ya wakulima wa kata ya Ziwa wanaongoja mbegu. Leo nilikuwa nikiingiza programu kutoka karatasi mbili za rafiki yangu wa chuo cha Chepkoilel. Ya pili nayo ilianza na mstari namba kumi, wala sikufikiri. Kila mstari niliopiga ulifuta ule wa karatasi ya kwanza wenye namba hiyo, na mashine haikulalamika.

Watasema nimeharibu makusudi. Siku hizi mtu huitwa mpinzani kwa jambo dogo kuliko hilo, halafu…

Mama Njeri, taipisti wetu, akaniona. "Kijana, umeiua?"

"Nafikiri, Mama."

"Basi usiililie, itapata kutu."

Akavuta kiti, akanisomea karatasi ya kwanza mstari kwa mstari nikipiga upya. Ya pili tukaianzisha na namba mia mbili, isifute ya kwanza. Saa kumi na moja majina yakatoka, yote.

Bosi alipouliza mbona tumechelewa, Mama alinitangulia. "Ni mimi. Nilimwomba anifundishe kompyuta."

Hajui hata kuiwasha.