Mbegu Zako Zililiwa Msibani

Mpendwa Mama,

Kesho tunaganduka, tunaondoa matanga. Ndugu watakaa uani, tutakula, kisha mimi, mtoto wako wa kwanza, nitasimama kutangaza kwamba msiba wako umekwisha, watu warudi kwenye furaha zao. Baba mdogo amenisisitiza nisiseme kwa sauti ya kuku mgonjwa. Sijui nitasema nini.

Jumapili mchungaji alitwambia kila mmoja ajiulize mwaka huu amekua wapi. Watu wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa naangalia mvua dirishani nikiwaza kama niliianua mihogo.

Kukua nimekua. Tangu tulipokuzika mwezi wa saba nimekuwa mtu wa kuulizwa. Mwanao Elia hauzi hata mbuzi huko Kibondo kabla hajanipigia simu, Elia yule yule aliyekuwa haniachii neno la mwisho. Na ule mdomo wangu ulioupachika jina la pilipili umepoa. Mtu akinichokoza namtazama tu mpaka anaona haya mwenyewe. Hapa Heru Juu wanasema nimekomaa. Mimi naona nimekauka tu, Mama. Sigombani kwa sababu sioni cha kugombania.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichagua mbegu? Wewe kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka, ungo katikati yetu. Maharage yako ya mchanganyiko, mekundu, ya njano na yenye madoa, ambayo bibi alivuka nayo kutoka Burundi akiwa ameyafunga kwenye pindo la nguo, na wewe mgongoni. Nikitupa punje iliyokunjamana, unairudisha.

"Hiyo nayo ina mama yake," ulisema.

Nilikucheka. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusukwa Kasulu mjini.

Kisha uliyachanganya na majivu ndani ya chungu, ukakipandisha darini juu ya mafiga ili moshi ufukuze wadudu. Hata mwaka ule tuliolala na uji mtupu hukukigusa. Hukumgawia mtu mbegu hizo. Ulisema mwenye nazo ni mimi.

Siku ya pili ya msiba ndugu wa Makere walifika wamejaza gari zima, bila taarifa. Unajua kwetu mfiwa haingii jikoni. Jiko ni la majirani. Nililetewa sahani ya ugali na maharage ya mawese, nikala. Sikujua nakula nini, na sikujua hata nani alikuwa amenishika mkono.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilipanda darini kuchukua mbegu. Chungu kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa vizuri, ndani hakuna kitu. Nilielewa palepale. Nikashuka, nikaenda sokoni, nikanunua maharage ya njano ya aina moja, nikapanda. Yamezaa vizuri. Nilidhani nitapiga kelele, lakini nilirudi nyumbani nikamenya mihogo.

Jana Mama Yohana alikuja, rafiki yako wa jembe na wa kanisa. Miezi yote hii alikuwa haonekani, nikadhani ni miguu yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakutaka hata maji.

"Mwana wanje," akasema, "zile mbegu ni mimi. Maharage yaliisha, wageni wanaingia, nikaona chungu. Nilipokuja kukiosha ndiyo nikakumbuka ni cha nini. Tangu hapo nikikuona njiani napitia kule mtoni."

Miaka ya nyuma ningemtoa mbio kwa maneno, nawe unajua. Nikamwuliza jambo moja tu.

"Yalikuwaje? Maana nilikula, sikumbuki."

"Yalikuwa matamu," akasema. "Watu waliomba kuongezwa."

Halafu akalia. Alilia kwa nguvu, kamasi na machozi, akiita jina lako. Nikamshika bega, nikamwekea chai, nikamwambia namsamehe, kesho aje asikose. Mchungaji angesema huko ndiko kukua. Labda. Lakini sikuona hasira, Mama, na wala sikuona huruma. Nilikuwa namwonea wivu. Chakula cha mwisho kilichotoka mikononi mwako yeye anakikumbuka ladha yake, na machozi anayo. Mimi nina bega la watu kulilia.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho nitasimama, nitoe sauti, niseme msiba umekwisha. Watu wamenisubiri vya kutosha, na Mama Yohana anahitaji kulisikia neno hilo kuliko wote. Nitalisema bila kutetemeka, na watasema tena nimekomaa.

Wewe tu ndiwe ninayekwambia ukweli: kwao umekwisha. Kwangu bado haujaanza.

Lala, Mama. Ukiniona nimechelewa kukulilia, nivumilie kidogo.

Mimi mwanao wa kwanza