Inavujaga

Jumatatu, 2 Machi
Sabuni, maji, sponji. Asubuhi nzima napaka povu kwenye viungo vya mabomba, natafuta haidrojeni inapotorokea. Ndiyo kazi yangu hapa karakana ya Buhare, kando ya ziwa. Haidrojeni inaingia kwenye seli, umeme unatoka, unazungusha propela ya kandege ketu ka watu wawili. Moshi hakuna. Yanadondoka maji tu.

Salma, fundi mwenzangu, kafika kutoka Tanga mwezi uliopita. Leo kashika mita zangu bila kuniuliza.

Jumanne, 3 Machi
Injinia Masatu katangaza: Jumamosi tunaruka kwa mara ya kwanza. Rubani, na wa kusoma mita pembeni yake. Salma.

Mimi ndiye niliyefunga kila nati ya mtambo ule. Nilipiga makofi na wenzangu. Nyumbani samaki wangu, sato mzima, kanishinda kumla.

Jumatano, 4 Machi
Kiswahili cha Salma kimenyooka. Siku hizi hata fundi wa kuchomelea anajitahidi kuongea kama yeye. Nina roho ya kwa nini, najua.

Ijumaa, 6 Machi
Jioni povu limechemka kwenye kiungo cha chini ya tangi. Salma alikuwa anapita. Nikamwambia, "Hii inavujaga." Akasema, "Haya," akaenda zake.

Ningeweza kukibadilisha mwenyewe. Sikutaka. Kiti cha kesho kapewa yeye, akahangaike na kiungo mwenyewe. Nikarudi zangu nyumbani Nyakato.

Jumamosi, 7 Machi
Uwanjani. Salma keshafunga mkanda. Nikamuuliza kama kiungo kimebadilishwa.

"Si ulisema huvuja? Nikajua ndiyo kawaida yake."

Huku kwetu fundi akisema inavujaga, anakwambia ina tabia mbaya, ishughulikie. Yeye kasikia kwamba haina neno. Gesi hii haina hata harufu, na tangi liko nyuma ya migongo yao.

Nikasimama mbele ya kandege, nikagoma kutoka. Rubani akasema watu wote wakisikia, "Magesa, wivu utakuua." Wakacheka. Nikamnyooshea Masatu sponji. Masatu mwenyewe akapaka sabuni. Povu. Hakuna aliyecheka tena. Safari ikaahirishwa.

Kabla sijamuuliza Salma, nilitaka kunyamaza. Kidogo tu, lakini nilitaka.

Jumatano, 11 Machi
Kiungo kimebadilishwa, rubani na Salma wameruka. Nilidhani safari hii kiti watanipa mimi. Hawakunipa. Nimekaa chini na sponji yangu, nikawaangalia wanazunguka juu ya ziwa. Propela inanguruma kidogo tu, mpaka ndege wa ufukweni nikawa nawasikia.

Walipotua, Salma akakinga kikombe chini ya mtambo, akaniletea.

"Kaka Magesa, haya yananywekaga?"

Nikamwambia yananyweka. Akanywa, nikamalizia. Hayana ladha yoyote.

Kile kiti bado nakitaka.